UZI: Kutunza habari za wasanii wa Nile Magharibi kabla kanda hazijaoza na wazee hawajaondoka

Kipaza_Arua (mleta mada)

Wadau, salaam kwenu. Uzi huu ni kwa wote wanaokusanya habari za wasanii wa kwetu: wapiga adungu (kinubi cha upinde) wa Nebbi na Pakwach, wapiga o'di (kinubi cha bakuli) wa Moyo na Adjumani, wapuliza agwara (tarumbeta za kienyeji), bendi za mjini Arua, wachora mabango, wafinyanzi. Tuwekane sawa kuhusu namna ya kufanya, maana kazi nyingi zinaharibika kwa kukosa utaratibu, si kwa kukosa moyo.

Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki katika nchi hii kati ya mwaka 1949 na 1954. Rekodi hizo ziko London, na nakala zake zimerudishwa Makerere. Ni hazina kubwa, lakini mpigaji aliyerekodiwa mwaka 1952 leo hawezi kuulizwa alijifunza kwa nani, wala kwa nini alibadilisha ubeti wa tatu. Muziki wa o'di wa Wamadi uliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, ilitangulia mwaka 2012. Orodha inasaidia serikali kuona, ila kazi ya kukaa na mzee na kumwuliza bado ni yetu.

Watu hubishana kila mara: tuanze na kuhamisha kanda za zamani au tuanze kuhoji wazee? Msimamo wangu ni kwamba vyote viwili vifanyike katika kikao kimoja. Hamisha kanda, kisha mchezee mwenye kanda hiyo, au mwenzake wa bendi aliye hai, huku rekoda ya pili ikichukua anachosema. Akisikia sauti atakutajia nani anapiga besi, nani amekaa kulia, wimbo ulitungwa kwa msiba wa nani, kwa nini watu wanacheka katikati. Ukimwambia tu "tueleze maisha yako" atakupa maelezo ya dakika kumi yale yale anayompa kila mgeni.

Anayejua kanda aanze.

FundiRedio

Mkuu, asante kwa mada. Mimi niseme upande wa kanda, kwa sababu hapo ndipo watu huua kitu wakidhani wanakiokoa.

Usiichomeke kanda kwenye redio ya kwanza unayoiona. Kwanza itazame kwenye mwanga. Unga mweupe au wa kijivu kwenye kingo za mkanda ni ukungu: usiicheze, ukungu utahamia kwenye mashine na kutoka hapo kwenye kanda zote zinazofuata. Itenge kwenye mfuko wa karatasi, iache ikauke mahali penye hewa, na ukiisafisha fanya nje ya nyumba ukiwa na barakoa. Angalia kile kisponji kidogo chenye bati la shaba kinachokandamiza mkanda kwenye hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti). Gundi yake huisha nguvu, kisponji kinaanguka, na sauti inakuwa hafifu isiyo na ukali. Kama ganda lina skrubu tano, lifungue juu ya meza yenye kitambaa cheupe na uhamishie mkanda kwenye ganda zima la kanda mpya. Kama ganda limegandishwa kiwandani bila skrubu, lipasue kwa kisu chembamba kwenye mshono, polepole, huku pande mbili za mkanda zikilala bapa. Ukiinua kabla ya kujua mkanda umepita wapi, utamaliza mchana mzima ukiukunjua.

Vunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Kisha izungushe mpaka mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuicheza. Kanda iliyokaa miaka 20 bila kuguswa hushikana tabaka kwa tabaka, na kuzungusha kunalegeza.

Mashine: tumia deki ya mezani yenye tundu la kutolea sauti la nyuma, usitumie tundu la hedifoni la redio ndogo. Safisha hedi kwa pamba na spiriti safi ya asilimia 99. Ile ya vidonda mara nyingi ina mafuta au rangi, huacha utando. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa maana spiriti hukausha mpira ukapasuka. Rudia kila baada ya kanda tatu au nne, na ukiona unga wa kahawia mwingi, baada ya kila kanda.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui kabisa: pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi. Hiyo huinamisha hedi. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, kwa hiyo hedi yako isipolingana, sauti inatoka kama mtu amefunikwa blanketi. Weka alama ya mahali skrubu ilipo, unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, kisha geuza kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka makofi, njuga na herufi "s" zisikike kali kuliko zote. Hapo ndipo urekodi. Ukimaliza rudisha kwenye alama. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha ukali uliopotea hapa.

Zima Dolby (kitufe cha kupunguza mvumo wa kanda) isipokuwa lebo inasema ilitumika. Hamisha kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Kama kompyuta ni dhaifu, 48,000 inatosha, ila usishuke chini ya hapo. Tumia kiunganishi cha sauti cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia. Tundu la kipaza sauti la laptopu kwa kawaida ni la njia moja, nalo hupokea sauti ya deki kwa nguvu mno mpaka inakwaruza. Kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri.

Mgeni_Koboko

Fundi, nina swali. Kuna kanda ambazo mwanzoni zinasikika sawa, lakini kadiri zinavyoendelea mwimbaji anakuwa na sauti nyembamba na wimbo unakimbia. Deki inacheza kanda nyingine vizuri. Tatizo nini?

FundiRedio

Kaka, hayo ni mawe ya betri. Kanda nyingi za vijijini zilirekodiwa kwa redio ya mawe. Mawe yalipoanza kuisha, mota ilipunguza mwendo wakati wa kurekodi. Sasa ukicheza kwa mwendo wa kawaida, sehemu ile iliyorekodiwa polepole inatoka kwa haraka na kwa sauti ya juu. Kosa la asilimia 6 tu linapandisha wimbo kwa nusu toni nzima.

Usiirekebishe kwenye faili mama, yaani ile ya kwanza uliyohamisha. Faili mama ibaki na kasoro zake zote, rekebisha kwenye nakala. Kama ilirekodiwa kwenye ukumbi wenye umeme wa laini, una bahati: mngurumo wa umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde. Fungua sehemu yenye ukimya kwenye Audacity (programu ya sauti), tazama chati ya masafa. Ukikuta kilele kwenye 53 badala ya 50, kanda inakwenda haraka kwa asilimia 6, unajua cha kupunguza. Kwanza hakikisha mngurumo si wa vifaa vyako: cheza kanda tupu kwa waya zile zile, na kama 50 inaonekana hapo, huo ni wako. Na kama umeme ulitoka kwa jenereta usitegemee kipimo hiki, jenereta ndogo hupanda na kushuka.

Kwenye kanda ya mawe mngurumo huo haupo. Hapo andika tu kwenye daftari: "mwendo hauaminiki". Ni muhimu mno, kwa sababu mtu atakuja baadaye apime mipangilio ya nyuzi za adungu kutoka kwenye kanda hiyo na kuandika mambo yasiyokuwepo.

Mwalimu_Nebbi

Naungana na mleta mada kuhusu kusikiliza pamoja. Niongeze namna ya kuendesha kikao.

Mahali kwanza. Paa la mabati na mvua havipatani na rekoda, kwa hiyo miezi ya mvua panga asubuhi. Kaa mbali na barabara ya boda boda, zima friji, ondoa saa ya ukutani yenye kugonga. Chini ya mwembe ni pazuri kama hakuna upepo, ila kipaza sauti kivishwe sponji. Kiweke sentimita 15 hadi 20 kutoka kinywani, pembeni kidogo, si mbele moja kwa moja. Kama kifaa chako ni simu, iweke kwenye hali ya ndege, tumia programu inayorekodi WAV, na usiishike mkononi. Spika ya kuchezea kanda iwe ndogo na ikae upande wa pili wa mzee ili isimezwe na kipaza sauti. Acha sekunde 30 za ukimya mwanzoni, kisha taja tarehe, kijiji, majina ya waliopo na lugha itakayotumika.

Maswali yawe ya vitu. Ala hii ilichongwa na nani, kwa mti gani, ngozi ya mnyama gani? Nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama au za nailoni ya kuvulia samaki, na mlibadilisha lini? Nani alilipa kaseti? Mlifikaje huko mlikorekodi? Mliimba kwa nani mara ya kwanza? Ukiuliza kitu, watu wanajitokeza wenyewe ndani ya jibu.

Tarehe ndizo zinazosumbua. Wazee wengi hawahesabu kwa mwaka wa kalenda, na kumlazimisha mzee ataje mwaka kunazaa uongo usio wa makusudi. Mpe nguzo za kushika: Papa Paulo wa Sita alipokuja Uganda ni 1969. Amin kuchukua nchi ni Januari 1971. Wahindi kuondoka, 1972. Amin kuanguka, Aprili 1979. Museveni kuingia Kampala, Januari 1986. Fedha mpya zilizokatwa sifuri mbili, Mei 1987. Papa Yohane Paulo wa Pili, Februari 1993. Muulize wimbo ulikuwepo kabla au baada ya jambo lipi. Ukipata nguzo mbili, andika "kati ya 1979 na 1986" na uache hivyo. Kifaa chenyewe nacho ni shahidi. Kaseti ya aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1963, kwa hiyo lebo ikisema 1958, sauti hiyo imenakiliwa kutoka kwenye santuri au utepe mkubwa. Uliza chanzo.

Msisahau miaka ya ukimbizi. Baada ya vita vya 1979 watu wengi wa huku walivuka kwenda Zaire na Sudan, na wasanii walikwenda nao. Mtu asipoulizwa "ukiwa Aru au Yei ulipiga na nani?", sehemu hiyo inarukwa, na pengine ndiko nyimbo bora zilikotungwa. Ila uliza kwa adabu, na akinyamaza usimfuate.

Kikao kisizidi dakika 90. Mzee akichoka anaanza kukubali kila unachosema.

Binti_Moyo

Mwalimu, shikamoo. Mimi niongeze kuhusu o'di na ala nyingine, kwa maana kurekodi wimbo bila kuandika ala ni nusu ya kazi. Mojawapo ya mambo yanayoiweka o'di hatarini ni kwamba mimea na wanyama wa kuitengenezea wanapungua, na vijana wengi wanaiona ni ya kizamani. Fundi akiondoka bila vipimo, hakuna wa kuitengeneza upya.

Piga picha ya ala kwa mbele, ubavu, nyuma na juu, rula ikiwa ndani ya picha na si juu ya ala. Pima urefu wa kila uzi kutoka unapofungwa mpaka unapogusa kisanduku, upana wa bakuli, kina chake, unene wa ukingo. Rekodi kila uzi peke yake, mara tatu, kabla ya wimbo na baada ya wimbo, kwa sababu ngozi hulegea kukiwa na unyevu na hukaza juani. Andika saa na hali ya hewa. Kwa adungu taja idadi ya nyuzi na kama ni ndogo, ya kati au ya besi, maana zinapigwa kwa kundi. Kama kundi limezoea kupiga kanisani, uliza kama nyuzi zimepangwa kwa do-re-mi au kwa mpangilio wa zamani, kisha mwombe mpigaji mkongwe apange vyote viwili. Hakuna anayeombwa hilo, na dakika zile tano zina thamani kuliko nyimbo kumi za harusi.

Kwa vidole, simu nyingine iwekwe juu ikitazama chini, wimbo upigwe polepole mara moja, kisha kwa mwendo wake.

Na tafadhali: kuna nyimbo na matendo ya kukata mti au kuchinja ambayo si ya kila sikio. Ukiambiwa zima, zima. Usijifanye umezima.

Kijana_wa_Mjini

Wadau, mbona tunajisumbua? Wekeni kila kitu YouTube, ni bure na hakipotei.

Kipaza_Arua (mleta mada)

Ndugu yangu, YouTube ni mahali pa kuonyesha. Inabana sauti na picha, na akaunti ikifungwa au mtu mwingine akidai wimbo ni wake, video inaondolewa bila kukuuliza. Nakala mama haikai huko.

La pili ni haki. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Waimbaji nao wana haki zao, na aliyegharamia kurekodi ana zake. Kwa hiyo kumiliki kanda hakukupi ruhusa ya kuisambaza. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 nayo inataka mtu akubali kabla hujachukua na kutumia taarifa zake.

Tengeneza karatasi ya ruhusa ya ukurasa mmoja, isomwe kwa lugha ya mzee, na usomaji huo urekodiwe pamoja na jibu lake. Asiyesoma asiwekewe tu kidole kwenye wino bila kusikia. Iwe na ngazi: kila mtu asikie, watu wa jamii tu, au ifungwe mpaka tarehe fulani. Rekodi moja inaweza kuwa na ngazi mbili, wimbo wazi na mazungumzo yamefungwa. Weka pia mstari wa kuuliza nani aamue baada yake. Mstari huo ukikosekana, watoto watagombana na wewe utakwama katikati.

Karani_wa_Faili

Naona hakuna aliyegusa majina ya faili, na hapo ndipo kazi ya mwaka mzima hupotea. "Wimbo mzuri wa mzee mpya 2.wav" haumsaidii mtu.

Tumieni mfumo mmoja: mwaka-mwezi-siku ya kurekodi, wilaya, namba ya kikao, herufi ya upande. Mfano 2025-03-14_NEB_007_A.wav. Pasiwe na nafasi wala alama za ajabu, wala jina la mtu. Jina liandikwe kwenye jedwali, kwa sababu majina yetu yana tahajia tatu tatu, na kuna ya ubatizo, ya ukoo na ya jukwaani. Jedwali liwe na safu za faili, majina yote ya msanii, nafasi yake kwenye kundi, ala, lugha, kijiji, tarehe au kipindi, chanzo cha tarehe, nani alihoji, ngazi ya ruhusa, hali ya kanda, na kanda halisi ilirudi kwa nani. Hifadhi nakala ya jedwali kwa CSV ili lifunguke popote.

Mahesabu ya nafasi: kanda ya dakika 90 kwa kiwango cha juu alichotaja Fundi ni gigabaiti 3 na kidogo. Diski ya terabaiti 1 inabeba kanda kama 300. Nunueni mbili zilizotengenezwa na kampuni tofauti, na nakala ya tatu ikae mji mwingine, kwa chuo au maktaba mnayoaminiana nayo. Diski mbili kwenye begi moja ni sawa na diski moja, mwizi anachukua begi. Tengenezeni alama ya uhakiki ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili ikibadilika) kwa kila faili na kuihakiki kila baada ya miezi sita. Faili huweza kuharibika kimya kimya huku jina na ukubwa vikiwa vile vile. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, msiamini nakala hiyo mpaka alama zilingane.

Msitumiane rekodi mama kwa sauti ya WhatsApp, inabanwa vibaya. Ikibidi, tumeni kama hati.

Kanda halisi zisimame wima, zikiwa zimezungushwa mpaka mwisho, ndani ya kabati la chuma lililoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa na maji, na mbali na paa la mabati. Pakiti za silika jeli ziwekwe na zikaushwe upya rangi yake ikibadilika.

Rangi_za_Arua

Wachoraji msiwasahau. Bango la saluni au ukuta wa duka hupakwa rangi upya bila taarifa, kwa hiyo piga picha leo: ukuta mzima, kisha vipande, kisha saini ya mchoraji, asubuhi mapema au siku ya mawingu ili kivuli kisikate. Andika rangi ilikuwa ya mafuta au ya maji na nani aliagiza.

Picha za zamani za karatasi: skani kwa nukta 600 kwa inchi, muundo wa TIFF, mbele na nyuma, maana mgongo wa picha una mhuri wa studio. Hakuna skana? Simu juu ya stendi, taa mbili kwa nyuzi 45 kila upande, mmuliko umezimwa. Ukitaka kuandika, penseli laini kwenye ukingo wa nyuma, kalamu ya wino hapana. Na msipeleke picha kufunikwa kwa plastiki ya moto (lamination). Haitoki tena, na unyevu unabaki umefungiwa ndani.

Mgeni_Koboko

Asanteni sana. Kuhusu kuandika maneno: kuna programu inayoandika Kialur au Kilugbara yenyewe?

Mwalimu_Nebbi

Usitegemee. Tenga saa 6 hadi 10 za kazi kwa kila saa moja ya mazungumzo. Tumia ELAN, ni ya bure, inaunganisha maandishi na sekunde yake. Kama muda hautoshi, andika muhtasari wa kila dakika tano kwa Kiswahili na uandike neno kwa neno nyimbo tu. Nyimbo zihakikiwe na mwimbaji mwenyewe, kwa sababu toni ya Kilugbara au Kimadi ikikosewa, maana inageuka.

Binti_Moyo

Swali la mwisho kwa Fundi: nakala ya familia tuiweke kwenye nini? Wengi hawana kompyuta.

FundiRedio

Dada, weka kwenye memori kadi au flashi ya gigabaiti 8 au 16, wasikilizie kwenye redio ndogo za kuchomeka kadi. Ipangilie (format) kwa mfumo wa FAT32, redio hizo nyingi hazisomi ule wa exFAT. Geuza WAV kuwa MP3 ya kilobiti 192, saa moja ni kama megabaiti 86. Kata kila wimbo uwe faili yake, anza jina kwa namba 01, 02, 03, kwa sababu redio hufuata namba na haina kioo cha kusoma. Mwanzoni mwa kila faili weka sauti ya mtu akitaja jina la wimbo na wapigaji. Ijaribu kwenye redio ya familia hiyo hiyo kabla hujaondoka, na uwaachie kadi mbili.